Siku kabla ya kitambaa: kisa cha bendera ya wana wa visiwani jijini Nairobi

Jumamosi moja ya Agosti, saa tano na nusu asubuhi, mlinzi wa ukumbi tuliokodi mtaani South C alipanda juu ya kiti cha plastiki akaishusha bendera yetu. Hakuirarua wala hakuitupa. Aliikunja mara nne, kama mtu anavyokunja msala, akaniletea mezani nilipokuwa nikiandikisha majina. "Katibu, samahani," alisema. "Nimepigiwa simu. Majirani wanauliza hii ni ya chama gani."

Sikuwa na jibu la haraka. Ndani palikuwa na watu wasiopungua sitini: wazaliwa wa Amu, Pate, Siyu, Faza na Kizingitini, huko visiwa vya Lamu, pamoja na watoto wao waliozaliwa Pumwani na kulelewa Pangani, South C na Eastleigh. Biriani lilikuwa bado jikoni, makaa juu ya kifuniko. Tulikuja kuadhimisha, kwa mara ya kwanza, Siku ya Bendera ya wana wa visiwani wanaoishi Nairobi. Bendera ikakaa juu ya daftari langu la mahudhurio mpaka jioni. Watu wakala, wakaagana, wakaenda zao.

Mwaka uliofuata tukarudia. Walikuja kumi na tisa.

Wenzangu wameniomba nikiandike kisa hiki kama kilivyokuwa, tangu kitambaa kiliposhonwa hadi tulipokaa upya mwezi wa Mei. Nimekubali kwa sababu naamini kosa letu halikuwa la mlinzi, wala la majirani, wala la wazee waliopinga. Tulikuwa na kitambaa, tulikuwa na fundi, tulikuwa na kamati ya chakula. Hatukuwa na siku. Tulichagua Agosti kwa kuwa shule zimefungwa na ukumbi unapatikana kwa bei nafuu, na aliyechagua ni mimi.

Kitambaa kilivyozaliwa

Kikundi chetu ni cha kusaidiana tu. Kila mwezi mtu hutoa ada yake, na mwenzetu akifiwa, akilazwa au akiozesha, tunajua pa kuanzia. Hatujawahi kuwa na nembo. Wazo la bendera lililetwa na binti mmoja mwanafunzi wa chuo kikuu, aliyezaliwa hapa Nairobi na mama mwenye asili ya Siyu. Alikuja mkutanoni na mchoro ndani ya bahasha: uwanja mweupe, jahazi jeusi limetweka tanga, na ukanda wa kijani chini yake kama mstari wa mikoko. Alisema shuleni kila mtu alikuwa na cha kuonyesha siku ya utamaduni, yeye akawa anaonyesha picha za kwenye simu.

Tulichanga. Fundi mmoja kwenye kibanda cha uchochoroni, karibu na River Road, akaishona kwa kitambaa cha satini. Jahazi alilikata peke yake, akalibandika, akalizungushia mshono wa zigizaga. Lakini alilishona upande mmoja tu. Ukiitazama bendera kwa mbele unaona chombo kimejaa upepo. Ukipita nyuma yake unaona nyuzi zilizosokotana na kivuli cha jahazi linalokwenda kinyumenyume. Nilimwonyesha fundi kasoro hiyo. Akasema kushona pande mbili ni bei ya bendera mbili.

Siku tulipoikunjua mbele ya wanachama, wengi walipiga makofi. Mzee mmoja, aliyepita miaka sabini na tano, hakupiga. Aliisogeza satini kwa ncha ya bakora yake, akauliza kwa Kiamu chake ambacho Nairobi haijakiondoa, "Mwanangu, hii ni bendera ya nti gani?"

Binti akamjibu kwa adabu, "Babu, si ya nchi. Ni ya kwetu."

"Kwetu ni nti," mzee akasema.

Nilidhani ni ukaidi wa uzee. Sasa najua alikuwa anakumbuka. Alikuwa kijana Mombasa mwaka 1963, na hadi mwaka huo bendera nyekundu ya Sultani wa Zanzibar ilikuwa ikipepea juu ya Fort Jesus. Ukanda wa pwani wa maili kumi ulihesabiwa kuwa milki ya Sultani, Waingereza wakiutawala kwa mkataba wa mwaka 1895. Uhuru ulipokaribia, lilizuka suala la Mwambao: pwani iingie Kenya, irudi Zanzibar, au isimame peke yake? Jambo likamalizwa kwa makubaliano ya Oktoba 1963, na mwezi wa Desemba bendera ile ikashuka. Kwa mtu aliyeshuhudia ujirani ukivunjika kwa kuulizana "wewe uko upande wa bendera ipi", kitambaa kipya si mapambo. Na vijana wetu nao wana kumbukumbu yao ya karibu zaidi: kaulimbiu ya "Pwani si Kenya", ya waliotaka pwani ijitenge, na jinsi Mpwani alivyotazamwa mjini miaka ilipovuma. Kwa hiyo jirani wa South C anapoona jahazi jeusi limetundikwa getini na watu wa kanzu na buibui wanaingia, akapiga simu kuuliza ni chama gani, simwiti mbaya. Aliuliza swali lilelile la mzee wetu.

Mwaka wa pili tuliitundika ndani, ukutani, juu ya meza ya chakula. Hakuna aliyeishusha. Hakuna aliyeitazama pia. Wale kumi na tisa walikula, wakazungumzia karo na bei ya unga, na kabla ya alasiri ukumbi ulikuwa mtupu. Binti aliitoa misumari mwenyewe, hakusema neno. Ule ukimya wake ndio ulionisumbua kuliko ile simu ya mwaka wa kwanza.

Wafaroe na Aprili yao

Nikaanza kusoma jinsi watu wa visiwa vingine wanavyoadhimisha bendera zao. Ziko siku kama hizi sehemu nyingi. Watu wa visiwa vya Åland, walio chini ya Finland lakini wanazungumza Kiswidi, huadhimisha yao Jumapili ya mwisho ya Aprili. Watu wa Shetland, kaskazini mwa Scotland, wana 21 Juni. Lakini kisa kilichonikalisha kitako ni cha Visiwa vya Faroe, na hicho ndicho nilichokisoma mbele ya kikundi.

Visiwa vya Faroe viko Atlantiki ya kaskazini, baina ya Scotland, Norway na Iceland. Ni visiwa 18 vyenye watu kama 54,000, wavuvi na wafugaji wa kondoo tangu enzi. Wako ndani ya ufalme wa Denmark, ila wana bunge lao na lugha yao. Bendera yao wanaiita Merkið, yaani alama: uwanja mweupe, msalaba mwekundu uliozungushiwa buluu. Kila 25 Aprili wanafanya Flaggdagur, Siku ya Bendera.

Jambo la kwanza lililowagusa wenzangu ni kwamba bendera hiyo haikuzaliwa visiwani. Ilibuniwa Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, mwaka 1919, na wanafunzi wa Kifaroe waliokwenda kusoma huko. Aliyekuwa mbele ni kijana aitwaye Jens Oliver Lisberg, mwana wa kijiji cha Fámjin katika kisiwa cha Suðuroy. Nilipofika hapo niliwaona wazee wawili wakimgeukia binti wetu. Kuna waliokuwa wakisema pembeni kwamba mtoto aliyezaliwa Nairobi, asiyejua hata maji ya kupwa na maji ya kujaa, hawezi kutuchorea bendera. Basi hao ni wanafunzi wa mjini, mbali na kwao, waliona ukiwa ambao aliyebaki kijijini hauoni. Aliyeko Amu haulizwi kila siku ametoka wapi. Aliyeko Nairobi anaulizwa.

Lisberg alikwenda nayo nyumbani, ikapandishwa Fámjin tarehe 22 Juni 1919, siku ya harusi. Si siku ya hotuba. Siku ya harusi, watu wamevaa vizuri, wanatoka kanisani. Kijana mwenyewe alifariki mwaka uliofuata akiwa na umri wa miaka 23, hakuwahi kuona ilikofika. Kitambaa kile cha mwanzo kingali kimehifadhiwa katika kanisa la kijiji chake.

Kwa miaka zaidi ya ishirini bendera ile iliishi bila cheti. Wapo walioipandisha, wapo walioipinga, na serikali ya Denmark haikuitambua. Halafu vita vikaja. Tarehe 9 Aprili 1940 Ujerumani iliivamia Denmark. Siku chache baadaye, katikati ya mwezi uohuo, Waingereza wakaingia Faroe kabla Wajerumani hawajafika. Visiwa vikakatwa na mji mkuu wao kwa ghafla: upande mmoja chini ya Hitler, upande wa pili chini ya jeshi la Uingereza.

Hebu fikiria nahodha wa Kifaroe aliyekuwa baharini wiki ile. Mlingotini mwake ana bendera ya Denmark, na Denmark sasa iko mikononi mwa adui. Akiingia bandari ya Uingereza nayo, yeye ni nani? Akiishusha asipandishe kitu, yeye ni nani? Meli isiyojulikana ni ya nani wakati wa vita hupigwa kwanza, ikaulizwa baadaye. Ndipo Waingereza wakakubali meli za Faroe zipeperushe Merkið, na tarehe 25 Aprili 1940 BBC ikatangaza habari hiyo redioni. Alama iliyochorwa na wanafunzi ikawa ndiyo inayomwambia mwenye mzinga kwamba hawa ni wavuvi wa Faroe, wapishe.

Haikuwaokoa wote. Katika miaka yote ya vita Wafaroe walisafirisha samaki kutoka Iceland kuwapelekea Waingereza, wakipita katikati ya nyambizi, mabomu ya kutega na ndege. Mabaharia zaidi ya 200 walipotea, kutoka visiwa ambavyo wakati huo havikuwa na watu hata 30,000. Atokaye mji mdogo anajua maana ya hesabu hiyo. Hakuna nyumba isiyofikiwa.

Vita vilipokwisha, sheria ya utawala wa ndani ya tarehe 23 Machi 1948 ikaitambua bendera rasmi.

Sasa zitazameni tarehe hizo. Wana 22 Juni 1919, siku kitambaa kilipopandishwa mara ya kwanza. Wana 23 Machi 1948, siku sheria iliposema ndiyo. Yote mawili ni mambo makubwa, na kamati ya kawaida ingechagua mojawapo. Wao hawakuchagua. Walishika 25 Aprili, siku ambayo alama ilihitajika na ikafanya kazi. Kwa maoni yangu hapo ndipo siri yote ilipo, na ndipo sisi tulipopotea: tulitaka watu waje kukitazama kitambaa ambacho hakijawahi kumfanyia mtu lolote.

Sufuria za kikoi

Nilipomaliza kusoma, palikuwa kimya. Halafu Bi mmoja, mkaazi wa Pangani, ambaye kwa kawaida huja mkutanoni kuuliza tu mchango umefika ngapi, akasema, "Katibu, hata sisi tulifungiwa."

Hakuhitaji kueleza. Lakini wengi wa wasomaji wa kisa hiki hawakuwapo, kwa hiyo nitaeleza mimi.

Mwaka 2020, wakati wa Korona, Nairobi ilifungwa tarehe 6 Aprili. Hakuna kuingia, hakuna kutoka. Kafyu ilikuwa ikianza saa moja jioni. Misikiti ilikuwa imefungwa. Wiki chache baadaye Ramadhani ikaandama, na katika kumi la pili, tarehe 6 Mei, serikali ikafunga Eastleigh peke yake ndani ya jiji lililofungwa, siku moja na Mji wa Kale wa Mombasa. Mtaa mzima ukazungushiwa vizuizi vya polisi. Ndani yake tulikuwa na vijana wetu kumi na wawili, wengine wanafunzi, wengine wachuuzi wa nguo, waliopanga vyumba Section Three. Hakuna biashara, hakuna kibarua, hakuna basi la kwenda Lamu. Mmoja alinitumia ujumbe adhuhuri akiuliza kama naona ni halali kufunga bila ya kuwa na uhakika wa daku. Nilikaa na simu mkononi muda mrefu.

Akina mama wa Pangani ndio waliojibu, na walijibu kwa vyungu. Siku ya pili yake walianza kupika: wali wa nazi, mchuzi wa samaki, mbaazi, mahamri, siku nyingine tambi. Palikuwa na dereva wa gari la mboga mwenye kibali cha kusafirisha chakula; yeye ndiye aliyekuwa akipita kizuizini na sufuria zetu nyuma ya magunia ya sukumawiki. Kila kitu kilitakiwa kiwe kimefika kabla ya saa kumi na mbili, kwa sababu kati ya magharibi na kafyu kulikuwa na nusu saa tu, na dereva naye ana watoto.

Siku tatu za mwanzo sufuria zilipotea. Si kwa wizi. Wahisani wengine nao walikuwa wakipeleka chakula, sufuria zote za aluminiamu zinafanana, zikirudi zinarudi kwa mtu mwingine. Bi huyu wa Pangani alipotelewa na sufuria yake kubwa, ile ya kupikia shughuli. Ndipo alipofungua kasha, akatoa kikoi cha zamani cha marehemu mumewe, cheupe chenye pindo la buluu, akakichana vipande vyembamba, akafunga kipande kwenye mkono wa kila sufuria. Alinisimulia jinsi alivyochana: alikata kwa meno pale penye pindo, kisha akavuta, nguo ikatoa sauti moja ndefu mpaka mwisho. "Sikuona uchungu," aliniambia. "Kikoi kilikuwa kimelala tu."

Baada ya siku mbili dereva alikuwa haulizi tena sufuria ni za nani. Alisema "za kikoi". Vijana kule ndani wakasema "za kikoi zimefika". Na jioni moja, alivyotusimulia dereva, askari mgeni kwenye kizuizi alitaka kushusha mzigo wote aukague, mwenzake akamwambia, "Hizo zenye kitambaa ni za wale wa chakula. Wapishe."

Wapishe. Ni neno lilelile la baharini mwaka 1940.

Panapolingana na pasipolingana

Mfano wa watu wengine una hatari ya kukufanya uvae kanzu ya mtu, kwa hiyo niseme wazi ninapoona unatufaa na unapokoma.

Unatufaa kwa kiini. Huko kulikuwa na watu waliokatwa na kwao kwa tukio wasilolitaka, huku vilevile. Huko alama iliwatambulisha walio dhaifu mbele ya wenye nguvu, huku vilevile, ingawa mzani si mmoja: wao walipoteza mabaharia zaidi ya mia mbili, sisi tulipoteza sufuria, na vijana wetu kumi na wawili wote walitoka salama. Sitaki mtu aseme katibu amefananisha mbaazi na vita. Ninachofananisha ni kazi ya alama.

Unakoma pale tunapofika kwenye mipaka. Faroe ni visiwa vitupu, hakuna bara iliyo yao. Lamu si hivyo. Kaunti yetu ina visiwa na ina bara: Mokowe, Hindi, Witu, Mpeketoni, na watu wa huko nao ni watu wa Lamu kwa haki ileile. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inaitaka kila kaunti iwe na bendera, nembo na muhuri wake, uliopitishwa na bunge lake. Kwa hiyo bendera ya kaunti ni jambo la sheria na ni ya wote. Kikundi cha wenye asili ya visiwani kikijishonea nyingine yenye jahazi, hata kwa nia safi, kimeshasema bila kutamka: ninyi msio na jahazi kaeni kando. Mzee wetu wa bakora alilinusa hilo kabla yetu sote.

Ilibidi Bi wa Pangani atukumbushe jambo jingine. Katika wale kumi na wawili wa Section Three, watatu hawakuwa watu wa visiwani. Wawili kwao ni Witu, mmoja Garsen, hata si Lamu, ni Tana River. Walikuwa wanaishi chumba kimoja na wetu, na hakuna aliyewauliza kisiwa. Sufuria ya kikoi ilikuwa inatosha wote waliokaa kuizunguka. Jahazi la satini lisingewafikia.

Hilo lilimwelea binti wetu haraka kuliko sisi wakubwa. Nilikuwa nimejiandaa kumtetea, nikidhani atavunjika moyo. Yeye akauliza tu, "Bi, vipande vya kile kikoi vimebaki?"

Vilikuwa vimebaki vinne.

Tulichokubaliana

Hatukupiga kura. Mambo ya namna hii ukiyapigia kura unagawa nyumba. Tulizungumza mikutano miwili, na mzee wa bakora ndiye aliyefunga maneno kwa kusema kwamba yeye hana ugomvi na kitambaa kisichotaka mlingoti.

Siku ikawa 6 Mei. Wapo waliotaka 6 Aprili, jiji lote lilipofungwa, na hoja yao ilikuwa nzuri: kila Mnairobi anaikumbuka. Lakini siku hiyo sisi hatukufanya kitu zaidi ya kuogopa. Chakula kilianza Mei. Mimi nilisimama upande huo, na bado nauona kuwa sahihi.

Ukumbi tukauacha. Tulikutana uani kwa Bi, Pangani, baada ya alasiri, na kwa kuwa ilikuwa siku ya kazi wengine walifika magharibi imeshaadhiniwa, wamevaa beji za ofisini. Kila nyumba ilikuja na sufuria moja yenye chakula, na mkononi mwake kimefungwa kipande cha nguo kuukuu ya nyumbani kwao: kikoi, leso, shuka, mmoja alileta kipande cha sare ya shule ya mwanawe. Anayetoka bara alikuja na yake. Jirani wa ghorofa ya juu, Mkamba, alipoona pilikapilika akateremka na sufuria ya muthokoi iliyofungwa kipande cha leso, na watoto wakaiwahi kabla ya mbaazi.

Bendera ya jahazi ilikuwapo. Binti alikuwa ameifumua upande wa kamba, akaunga ndani yake vipande viwili vya kikoi, cheupe na pindo la buluu, kutoka juu hadi chini. Ule upande wa nyuma wenye nyuzi alikuwa ameufunika kwa jahazi la pili alilolishona mwenyewe kwa mkono, mishono mikubwa isiyolingana, lakini sasa chombo kinakwenda mbele kokote utakakosimama. Aliitandaza mezani, sufuria zikakaa juu yake. Masizi yameingia kwenye satini, na sidhani yatatoka.

Kabla ya kula, Bi alitaja majina kumi na mawili. Waliokuwapo waliitika. Saba walikuwapo. Mmoja yuko Doha kikazi, ndugu yake akamwitikia. Wengine wamerudi Lamu, na kwa kila mmoja wao palipita kimya kifupi, kisha jina likafuata jingine. Hotuba haikuwapo. Mzee wa bakora aliomba dua.

Tulihesabu watu hamsini na wawili, na wa mwisho kuingia alikuwa yule wa Garsen. Sasa ana duka la vipuri vya pikipiki Kariobangi, na hatukuwa tumemwona tangu mwaka ule. Alibeba sufuria kubwa ya aluminiamu, imebonyea ubavuni, mkononi mwake pamefungwa ukambaa uliochakaa usiojulikana tena rangi.

"Shikamoo, Bi. Hii ilibaki kwetu. Kifuniko sikukipata."

"Marahaba, mwanangu."

Bi aliipindua, akapitisha kidole chini kwenye alama ya msumari aliyoipiga yeye mwenyewe miaka mingi nyuma. Akasema, "Ni yangu," akaipeleka jikoni, na tukamsikia akifungua bomba kuiosha.